Je, Wajua? Usiku wa Wala Njama

Je, wajua kwamba Julius Caesar aliuawa wakati barua ya kumwonya ikiwa mkononi mwake? Asubuhi ya tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo, mwalimu mmoja wa Kigiriki aitwaye Artemidorus alijipenyeza kwenye umati, akampa hati iliyofichua njama yote na kumsihi aisome upesi. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba Caesar alijaribu kuisoma mara kadhaa, lakini watu wenye shida zao walimsonga, akaingia nayo kwenye kikao cha Seneti bila kuimaliza.

Sasa wewe unayetaka kualika watu Jumamosi jioni mcheze mchezo wa njama, huyu awe seneta, yule jasusi, na yule pale asijue kwamba kisu kinamsubiri yeye, kwa nini ujisumbue kutunga kisa? Historia imeshakutungia. Sogea hapa, nina mengi ya kukuonyesha.

Anza na hawa hawa wa Caesar. Walikuwa zaidi ya watu 60 kwenye siri moja, na inasimuliwa kwamba hawakula kiapo chochote! Walimchoma visu mara 23, lakini daktari Antistius alipoukagua mwili alisema ni jeraha moja tu lililoua, la pili, la kifuani. Hebu fikiria: majeraha 22 hayakuua.

Na unadhani nani alimtoa nyumbani siku ile? Rafiki yake. Mkewe Calpurnia alikuwa ameota ndoto mbaya, Caesar naye akakata shauri abaki, mpaka Decimus Brutus alipokuja kumbembeleza, akaondoka naye. Wasia ulipofunguliwa baadaye, jina la Decimus lilikuwemo miongoni mwa warithi wa akiba!

Umeona? Hapo tayari una kadi tatu za wageni wako: mwenye barua, mke aliyeota, na rafiki aliyekuja kumchukua mwenziwe.

Je, wajua kwamba mkasa huu umo katika Kiswahili kwa mkono wa mkuu wa nchi? Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Caesar na kuichapisha mwaka 1963, akiwa Rais. Hakutosheka! Aliirudia, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Wageni wako wengi watamjua Bruto, mla njama mkuu wa tamthilia hiyo, kabla hujawapa kadi.

Na pale palipomwagika damu leo kuna nini? Paka! Eneo la Largo Argentina, katikati ya Roma, kwa miaka mingi limekuwa makazi ya paka wasio na wenyewe, wanaolala juani juu ya nguzo zilizovunjika.

Tuje kwenye mchezo wenyewe. Je, wajua kwamba ule mchezo wa Mafia, wa kufumba macho "usiku" na kupiga kura "mchana", ulizaliwa Moscow mwaka 1986? Aliyeubuni ni Dimitry Davidoff, katika idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow. Hauhitaji ubao wala dadu. Unahitaji watu, kimya, na mtu mmoja wa kusema, "Fumbueni macho."

Siri yake ni moja tu: wachache wanajua kila kitu, wengi hawajui lolote. Basi! Ukishika hilo umeshika michezo yote ya njama duniani. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliwaondoa majambazi akaweka mbwamwitu wanaojigeuza watu, na mchezo ukazunguka dunia mara ya pili. Mwaka 2018 timu ya watu watatu ikauingiza kwenye simu ndani ya chombo cha angani, wakauita Among Us. Karibu hakuna aliyejali kwa miaka miwili, kisha Novemba 2020 ukakadiriwa kuwa na wachezaji nusu bilioni kwa mwezi mmoja!

Unajiamini kwamba wewe unamjua mwongo kwa macho tu? Subiri kwanza. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya majaribio ya watu 24,483 waliotakiwa kutenganisha uongo na ukweli bila msaada wowote. Walipatia mara 54 kati ya 100. Kurusha sarafu kungewapa 50!

Ndiyo maana wasaliti hawatakiwi kuwa wengi. Wanahisabati watatu, Braverman, Etesami na Mossel, walithibitisha mwaka 2008 kwamba katika Mafia isiyo na wapelelezi, wasaliti wa kadiri ya kipeuo cha pili cha wachezaji wote wanatosha kuleta ushindani wa haki. Watu 100? Wasaliti wa kadiri ya 10 tu wanaweza kuwapeleka puta. Kwa sebule ya kawaida, chukua kipimo cha mchezo uitwao The Resistance: wageni 5, wasaliti 2, wageni 7, wasaliti 3, wageni 10, wasaliti 4.

Sasa sikiliza hii, maana ni ya kumtia moyo kila mwenyeji mwenye wasiwasi. Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, kijana David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya enzi za Napoleon katika mji wa kubuni ulioitwa Braunstein. Wakaja karibu watu 20, na nafasi za majenerali hazikutosha! Akawapa waliobaki vyeo vya raia: wewe meya, wewe mwenye benki, wewe mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na haja yake ya siri.

Mambo yakaharibika, au ndivyo alivyodhani. Wachezaji waliacha meza ya vita, wakaanza kuvutana pembeni wawili wawili, wakinong'ona, wakidanganyana, wakipanga. Wesely alirudi nyumbani akijua ameshindwa. Wageni wake wakamwomba aandae mwingine! Mmoja wao, Dave Arneson, aliichukua mbegu ile, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, mama wa michezo yote ya kuvaa uhusika tunayoijua leo.

Kwa hiyo ukiona wageni wameiacha meza na kujibanza jikoni wakiteta, usiwarudishe. Hapo ndipo mchezo umenoga.

Je, wajua kwamba kinu kiliwahi kuzima mapinduzi? Ndiyo, kinu! Tarehe 15 Juni 1310, Bajamonte Tiepolo aliingia katikati ya Venice na wafuasi wake kumpindua mtawala. Bibi mmoja aliyekuwa dirishani akaangusha kinu cha jiwe, kikampata mshika bendera kichwani, bendera ikaanguka na jeshi likatawanyika. Alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba kodi ya nyumba yake isipandishwe kamwe!

Baada ya jaribio hilo Venice iliunda Baraza la Watu Kumi la kupeleleza wasaliti, la muda mfupi tu. Likadumu mpaka 1797. Miaka 487! Na katika jumba la mtawala bado utaona matundu ukutani yenye sura za kutisha, ambamo raia walitumbukiza barua za kushtakiana. Tengeneza lako kwa boksi la viatu, ulitoboe mdomo, uliweke karibu na mlango: utashangaa wageni wanavyoandika.

Unapenda sehemu ya kupiga kura? Athens ya kale walikuwa na kura ya kumfukuza mtu mjini kwa miaka 10, na jina lake liliandikwa kwenye kigae. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kisimani vigae 190 vyenye jina moja, la Themistocles, shujaa wa vita dhidi ya Waajemi. Walipochunguza miandiko, ilikuwa ya watu 14 tu! Mtu alishaandaa kura za wenzake kabla ya siku ya kura.

Lakini ukiniuliza mimi njama ipi ina utamu kuliko zote kwa mchezo wa sebuleni, nitakuambia Florence, tarehe 26 Aprili 1478. Ukoo wa Pazzi ulikula njama kuwaua ndugu wawili waliouendesha mji, Lorenzo na Giuliano wa Medici. Mahali? Kanisa kuu. Wakati? Katikati ya misa!

Shika kiti. Muuaji waliyemtegemea, askari Montesecco, alikataa dakika za mwisho: kuua yuko tayari, kuua kanisani hapana. Wakamweka nani badala yake? Mapadri wawili! Na Giuliano alipochelewa kutoka nyumbani, wauaji wake wenyewe walimfuata, wakatembea naye wakicheka, wakamkumbatia njiani. Lile kumbatio lilikuwa la kupapasa kama amevaa deraya chini ya nguo. Hakuwa nayo. Alichomwa visu mara 19.

Mapadri hawakuizoea kazi ile. Walimjeruhi Lorenzo shingoni tu, akakimbilia chumba cha mavazi ya ibada na mlango mzito wa shaba ukafungwa nyuma yake. Mji mzima ukageuka dhidi ya Pazzi. Muuaji mmoja, Bernardo Bandini, alikimbia hadi Istanbul, lakini Sultani Mehmed wa Pili akamkamata na kumrudisha. Alinyongwa mwaka 1479, na kijana mmoja alichora mwili wake ukining'inia na kuandika pembeni rangi za nguo alizovaa. Kijana huyo alikuwa Leonardo da Vinci!

Na haikuishia hapo. Mwaka 2004, zaidi ya miaka 500 baadaye, mwanahistoria Marcello Simonetta aliivunja barua ya mafumbo akagundua mla njama mwingine aliyejificha muda wote huo: Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, aliyeweka askari 600 tayari nje ya mji. Msaliti aliyebaki na siri yake karne tano! Mgeni wako atakayepewa kadi hiyo anaweza kushinda kwa kukaa kimya tu.

Haya, twende haraka.

Je, wajua kwamba malkia alipoteza kichwa kwa sababu ya pipa la bia? Mary wa Scotland, akiwa kifungoni Uingereza, alibadilishana barua za siri na Anthony Babington, aliyepanga kumwua Malkia Elizabeth wa Uingereza, kupitia mapipa ya bia yaliyoingia na kutoka. Mwenye bia alilipwa na pande zote mbili! Kila barua ilisomwa na majasusi wa Walsingham, waziri wa Elizabeth, na fundi wao wa mafumbo, Thomas Phelippes, alipoivunja ile barua mbaya kuliko zote alichora juu yake kitanzi. Mary aliuawa tarehe 8 Februari 1587.

Na Phelippes huyo hakuridhika na kusoma tu. Aliongeza mstari wa kughushi mwishoni mwa barua ya Mary, akimwomba Babington ataje majina ya mabwana sita watakaofanya kazi ile. Weka kughushi kwenye mchezo wako: mpe mgeni mmoja haki ya kuongeza sentensi moja kwenye barua ya mwenzake. Utaona moto!

Njama ya Baruti ya Uingereza, mwaka 1605, ilikuwa na watu 13 na mapipa 36 chini ya Bunge. Guy Fawkes alipokamatwa alisema anaitwa John Johnson, na akalishikilia jina hilo kwa muda. Kilichowaponza ni barua isiyo na jina iliyopelekwa kwa Lord Monteagle tarehe 26 Oktoba, ikimshauri asiende bungeni. Mpaka leo, kabla mfalme hajafungua Bunge, walinzi wake hushuka kukagua vyumba vya chini!

Na wenzake Fawkes waliokimbia? Baruti yao ililowa mvua, wakaianika mbele ya moto. Naam, mbele ya moto! Ikalipuka na kuwaunguza, na kesho yake askari wakawazingira.

Waliomwua Abraham Lincoln walipanga kuua watu watatu usiku mmoja, tarehe 14 Aprili 1865. George Atzerodt alipewa makamu wa rais, Andrew Johnson, na alikodi chumba katika hoteli ile ile alimokaa Johnson. Saa ilipofika moyo ukamruka, akaenda kunywa. Asubuhi yake Johnson akawa rais! Kwenye kila kundi la wasaliti weka mmoja asiye na uhakika na moyo wake.

Je, wajua kuna njama iliyonaswa kwa mwaliko wa chakula ambacho hakikuwepo? Februari 1820, London, Arthur Thistlewood na wenzake waliona gazetini kwamba mawaziri wote wa Uingereza watakula pamoja nyumbani kwa Lord Harrowby. Wakakusanyika darini juu ya zizi la farasi, mtaa wa Cato, na silaha zao, tayari kuwaua wote. Hapakuwa na karamu. Tangazo lilikuwa mtego, na aliyewaonyesha gazeti, George Edwards, alikuwa jasusi wa serikali!

Umewahi kutazama shindano la televisheni liitwalo The Traitors, wageni ndani ya ngome ya Scotland wakisakana? Lilianza Uholanzi mwaka 2021 kwa jina *De Verraders*, na mbegu yake ni meli ya kweli. Hii nayo nitaisimulia taratibu kidogo.

Meli iliitwa Batavia. Usiku wa tarehe 4 Juni 1629 iligonga miamba karibu na pwani ya magharibi ya Australia, ikiwa imebeba watu zaidi ya 300. Mkuu wa msafara, Francisco Pelsaert, alichukua mashua kwenda kutafuta msaada kisiwani Java, safari ya siku 33. Nyuma, katika visiwa walimokimbilia walionusurika, akabaki Jeronimus Cornelisz, mfanyabiashara aliyewahi kuuza dawa, na alichokifanya kinatisha: alijitwalia uongozi, akakusanya silaha zote, kisha yeye na kundi lake wakaanza kuwaua wenzao mmoja mmoja, kwanza kwa siri usiku, baadaye mchana kweupe. Waliokufa mikononi mwao walizidi 100!

Lakini alikosea hesabu moja. Askari aliowaogopa, chini ya Wiebbe Hayes, aliwapeleka kisiwa kingine kutafuta maji, akitaraji wafe kwa kiu. Wakapata maji! Walioponea mauaji wakawafikia kwa kuelea na habari zote, wakajenga ukuta wa mawe na kupigana na wauaji mpaka Pelsaert aliporudi. Cornelisz alikatwa mikono na kunyongwa, na ukuta ule bado unaonekana. Wahalifu wawili waliachwa bara, na wanahesabiwa kuwa Wazungu wa kwanza kuishi Australia.

Sasa turudi nyumbani, pwani yetu, maana una njama hapa zisizopungukiwa chochote.

Je, wajua kwamba karani wa njama ya kumpindua Sultani wa Zanzibar alikuwa msichana wa miaka 15? Mwaka 1859 Seyyid Barghash alitaka kumnyang'anya kaka yake Majid kiti, na aliyeandika barua za siri ni dada yao, Salme binti Said, kwa sababu alijua kuandika. Na alijifunza vipi? Kwa kificho, akinakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia!

Majid akaizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Hapo ndipo Salme na dada yake Khole wakafika usiku na msafara wa wanawake, wakadai kuingia kumwona ndugu yao. Walizungumza wao wenyewe na mkuu wa askari, na askari wale, ambao hawakutarajia kusemeshwa na binti wa Sultani, wakaduwaa na kuwapisha. Ndani wakamvika Barghash shela, yakabaki macho tu. Barghash alikuwa mrefu! Wakawapanga wanawake warefu kumzunguka asitokeze, wakatoka wote mbele ya bunduki za walinzi, polepole, kama walivyoingia.

Jaribio lilishindwa. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Lakini usimwonee huruma sana: mwaka 1870 alirudi kukalia kiti kile kile, akatawala hadi 1888, na ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib. Salme aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akayaandika haya yote katika kumbukumbu zake.

Hiyo ni karamu kamili, msomaji wangu! Majid, Barghash, Khole, Salme, dada yao Meje aliyejiunga nao, mdogo wao Abdulaziz aliyemfuata kaka yake hadi uhamishoni, Konsuli Rigby wa Uingereza, na mkuu wa walinzi. Wahusika wanane. Mpe Salme wino na karatasi, mpe mkuu wa walinzi haki ya kuuliza swali moja tu kwa kila anayepita mlangoni, halafu mtandio mmoja mkubwa uvaliwe na mtu asiyetarajiwa. Udi chumbani, kahawa chungu, haluwa kwenye sahani: mavazi na vyakula mnavyo tayari.

Unataka giza zaidi? Panda kaskazini hadi Mombasa. Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto Wareno walipoyakatisha maisha ya baba yake, Sultani wa Mombasa. Wakamlea Goa, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha kutawala kwa niaba yao. Kumbe usiku alikuwa akienda kaburini kwa baba yake kusali Kiislamu! Mreno mmoja akamwona, akamshtaki kwa kapteni wa Ngome ya Yesu.

Yusuf hakusubiri. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni kama mgeni wa kawaida, akamchoma kapteni kwa jambia, na watu wake wakaiteka ngome yote. Wareno walileta meli kumzingira mwaka uliofuata, wakashindwa. Baadaye akaiacha ngome mwenyewe, akageuka haramia baharini, akafa mwaka 1638.

Neno moja hapa, na nalisema kwa moyo wote: chagua tukio ambalo wafiwa wake hawako mezani. Mauaji ya kisiasa ambayo watoto wa marehemu bado wanayalia si ya kuchezea karata. Ya 1478, 1631, 1859 yanatosha na kusaza.

Je, wajua kuna mchezo wa njama usio na bahati hata chembe? Ni Diplomacy, mataifa 7 ya Ulaya ya mwaka 1901, hakuna dadu, ni maneno tu na ahadi za kuvunjwa. Allan Calhamer aliukamilisha mwaka 1954, kampuni zikaukataa, akachapisha nakala 500 kwa fedha zake mwaka 1959. Baadaye alifanya kazi ya kupeleka barua za posta, huku watu duniani kote wakicheza mchezo wake kwa barua! Na mwaka 2022 kompyuta ya Meta iitwayo Cicero iliucheza mtandaoni dhidi ya binadamu, ikiwaandikia na kupatana nao, ikaingia kwenye asilimia 10 ya juu.

Na Cluedo, mchezo wa kumsaka muuaji? Uliundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na Anthony Pratt wa Birmingham, mpiga piano wa mahotelini aliyeona wageni wakicheza michezo ya mauaji. Aliuombea hataza mwaka 1944, ukafika madukani mwaka 1949. Washukiwa 6, silaha 6, vyumba 9: majibu 324 yanayowezekana! Mwaka 1953 akauza haki za nchi za nje kwa pauni 5,000, mchezo ukaendelea kuuzwa kwa mamilioni bila yeye.

Basi umebaki wewe. Chukua bahasha nane. Ndani ya kila moja andika mambo matatu tu: wewe ni nani, unataka nini usiku huu, na unajua siri gani ya mtu mwingine. Hakikisha kila siri inajulikana na angalau mtu mmoja asiye mwenyewe, la sivyo watu hawatakuwa na la kunong'onezana. Katikati ya usiku, mchezo ukianza kupoa, ingiza barua mpya mlangoni kama ile ya Monteagle, isiyo na jina la mwandishi. Wewe mwenyewe usichukue uhusika. Wewe ni yule anayesema "fumbueni macho".

Na bahasha mpe mgeni pale pale mlangoni, kabla ya maji na kabla ya salamu kuisha, aisome akiwa bado amesimama. Caesar hakupata nafasi hiyo.